Mwendo na Kani: Somo la Gia za Roboti Yetu

Mhariri wa gazeti hili ameniomba niandike somo juu ya roboti ya shule, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wa Chama cha Ufundi hawaachi kuniuliza habari za gia, na jambo lililoandikwa halifutwi upesi kama la ubaoni. Ya pili ni deni. Tuliporudi kutoka mashindanoni Kigali mwaka 2024, wanafunzi wa zamani waliotuchangia nauli waliniuliza kwa nini roboti yetu ilisimama katikati ya mchezo wa tatu. Niliwajibu kwamba betri ilikuwa mbovu. Betri haikuwa mbovu. Basi nawaomba wazee wetu hao wasome somo hili mpaka mwisho, maana jibu la kweli limo humu, na halieleweki bila hesabu kidogo.

Tuanze na baiskeli, kwa kuwa hakuna kijana wa Rusizi asiyeijua. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mto, Bukavu, huiita kinga. Sisi tutaiita baiskeli. Nilikwenda siku moja sokoni Kamembe nikahesabu meno ya baiskeli ya mzee mmoja anayebeba mchele. Gurudumu la meno la mbele, lililo kwenye pedeli, lilikuwa na meno 44, na lile dogo la nyuma meno 18. Maana yake ni hii: pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 44 kugawanya kwa 18, yaani mara 2.44. Na kwa kuwa gurudumu la baiskeli hizi kubwa likizunguka mara moja huenda kama mita 2 na sentimita 20, mzee huyo kwa pedeli moja husogea kama mita 5 na sentimita 40.

Alinieleza kwamba jirani yake aling'oa gurudumu la nyuma la meno 18 akatia la meno 22. Hesabu yake ni 44 kwa 22, yaani mara 2 tu, na pedeli moja humpeleka mita 4 na sentimita 40. Amepoteza mita nzima katika kila pedeli. Je, ni mjinga? Sivyo hata kidogo. Mguu wake ni ule ule na uzito wa gunia ni ule ule, lakini sasa kani inayosukuma baiskeli mbele imeongezeka kwa kiasi kile kile ambacho mwendo umepungua. Huyo hupanda vilima ambavyo mwenzake huvipanda kwa kushuka na kusukuma. Katika tambarare ya Bugarama, penye mashamba ya mpunga, mwenye meno 18 humwacha nyuma. Lakini kutoka Bugarama mpaka Kamembe ni kupanda zaidi ya mita 500, na huko mambo hugeuka.

Wale waendesha baiskeli wa mbio waliofika Rusizi kutoka Huye katika Tour du Rwanda ya mwaka 2020, na kesho yake wakaondoka kwetu kwenda Rubavu, safari ya zaidi ya kilomita 200, hawana taabu hiyo. Baiskeli zao zina gia nyingi, na dereva huchagua ile ya kilima na ile ya bonde bila kushuka. Mzee wa mchele ana gia moja tu, hana budi kuichagua nyumbani kabla ya safari. Roboti yetu nayo ni kama mzee wa mchele. Ukiisha funga gia zake, ndiyo hizo mpaka mchezo uishe.

Sasa tutazame mota. Mota tulizotumia ni za volti 12. Isipobeba kitu chochote, mota moja huzunguka mara 6000 kwa dakika. Ukiishika isizunguke kabisa, nguvu yake ya kusokota ni niutoni-mita 0.105, ambayo ni ndogo sana; mtoto anaweza kuizuia kwa vidole. Kati ya ncha hizi mbili kuna mstari ulionyooka, na huu ndio moyo wa somo: kadiri mota inavyozunguka kwa kasi, ndivyo nguvu ya kusokota inavyopungua, mpaka inapofikia mwendo wake wa juu haina tena kani ya kusukuma chochote. Ikiwa nusu ya mwendo wa juu, ina nusu ya nguvu ya kusokota, na hapo ndipo inapofanya kazi nyingi kuliko mahali pengine popote. Wanafunzi wengi hudhani kwamba mota ina kani moja tu, ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Ile ni kani ya mota iliyosimama. Ikianza kwenda tu, kani hiyo haiko tena.

Mota inayozunguka mara 6000 haiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye tairi. Kwa hiyo tuna visanduku vya gia vya 3, vya 4 na vya 5, vinavyopangwa kimoja juu ya kingine. Ukitaka 12 unafunga cha 3 na cha 4. Ukitaka 20, cha 4 na cha 5. Ukivifunga vyote vitatu unapata 60. Namba 12 maana yake mota huzunguka mara 12 ili tairi lizunguke mara moja. Angalieni kwamba hapa namba kubwa ni ya kilima na namba ndogo ni ya bonde, kinyume cha baiskeli, kwa kuwa mguu ni wa polepole na mota ni ya haraka.

Roboti yetu ilikuwa na uzito wa kilo 10, mota mbili za kuendesha, na matairi ya kipenyo cha sentimita 9. Nitafanya hesabu ya gia ya 12 nanyi mfanye zilizobaki. Mota mizunguko 6000 kwa dakika ni mizunguko 100 kwa sekunde. Ukigawanya kwa 12, tairi huzunguka mara 8.33 kwa sekunde. Mzingo wa tairi ni sentimita 28.3, basi mwendo wa juu ni mita 2.36 kwa sekunde. Na kani je? Mota mbili, kila moja 0.105, mara 12, ugawanye kwa nusu kipenyo cha tairi, mita 0.045. Jibu ni niutoni 56, wakati roboti imesimama.

Fanyeni hivyo kwa gia ya 5, mtapata mwendo wa juu wa mita 5.65 kwa sekunde, na kani ya niutoni 23 tu. Gia ya 20 inatoa mita 1.41 na niutoni 93. Gia ya 60 inatoa mita 0.47, mwendo wa kobe aliyeshiba, na niutoni 280.

Mimi nilipoona ile mita 5.65 nilifurahi mno. Nilisema mbele ya chama kizima, "Hakuna timu itakayotukamata." Na hapo ndipo kosa lilipoanza.

Uwanja wa mashindano ulikuwa mdogo. Safari nyingi za roboti, kutoka mahali pa kuokotea mipira mpaka mahali pa kuitia, zilikuwa mita 2 hivi. Swali la kweli basi si "mwendo wa juu ni upi?" Swali ni "mita 2 zitakwisha kwa sekunde ngapi, ukianza kwa kusimama na kani ikipungua njia nzima?" Hesabu hii inafanywa kwa hatua ndogo ndogo, nayo haihitaji zaidi ya daftari na subira. Kwa gia ya 12: kani ya kwanza ni niutoni 56, ukigawanya kwa kilo 10 unapata mchapuko wa mita 5.6 kwa sekunde kwa sekunde. Baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde roboti ina mwendo wa 0.56. Sasa kani imepungua, kwa sababu 0.56 ni karibu robo ya 2.36, imebaki kama niutoni 43. Basi katika sehemu ya kumi ya pili mwendo unaongezeka kwa 0.43 tu, unakuwa 0.99. Katika ya tatu unafika 1.31. Endeleeni hivyo, mkijumlisha na umbali kila mara, mpaka mita 2 zitimie.

Ukipunguza hatua hizo mpaka ziwe ndogo sana, majibu ni haya. Gia ya 60 inachukua sekunde 4.26. Gia ya 20 inachukua sekunde 1.57. Gia ya 12 inachukua 1.25. Na ile gia yangu ya 5, ya mwendo wa ajabu, inachukua sekunde 1.44! Ilishindwa na ya 12 kwa sababu ilikuwa bado inajikokota kuanza wakati mwenzake amekwisha kufika. Tena tazameni jambo hili: katika mita 2 zile, gia ya 5 ilimaliza ikiwa na mwendo wa mita 2.53 kwa sekunde, yaani haikufika hata nusu ya ule mwendo wa juu niliojivunia. Mwendo wa 5.65 ulikuwapo kwenye karatasi tu. Hatukuuona hata siku moja.

Uwanja ukiwa mrefu, majibu hubadilika. Kwa mita 5 gia ya 5 hutumia sekunde 2.41 na ya 12 hutumia 2.54, kwa hiyo hapo kidogo ina faida. Ndiyo maana hakuna mtu awezaye kukwambia gia njema ni ipi kabla hujamwambia njia ni ndefu kiasi gani. Na hesabu hizi ni za gia zisizopoteza kitu. Kwa kweli kila kisanduku cha gia hula sehemu ya kani kwa msuguano, na tulipopima kwa saa ya kuhesabia tulipata wakati mkubwa zaidi kidogo kwa kila gia. Lakini nafasi ya kwanza mpaka ya mwisho haikubadilika.

Sasa nije kwenye lile lililotokea. Katika uwanja palikuwa na ubao wa kupanda, wenye mwinuko wa sentimita 25 kwa kila mita moja ya ubao. Wiki mbili kabla ya safari, msichana mmoja wa mwaka wa tano, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakuniomba nimtaje, alisimama katika mkutano wa chama akauliza, "Mwalimu, ikisimamishwa katikati ya mlima?" Nikamwambia atazame. Nikaiweka roboti mbali, nikaiachia, ikaja mbio ikapanda ubao mpaka juu. Wenzake wakapiga makofi. Yeye akasema kaka yake hubeba mizigo kwa baiskeli, na kwamba kila mtu hupanda kilima kifupi akija na kasi kutoka bondeni, lakini ukikutana na ng'ombe katikati ukasimama, huondoki tena ila kwa miguu. Nikamjibu, kwa haraka ambayo sasa inanitia haya, kwamba roboti si baiskeli.

Alikuwa ameandika hesabu yake katika daftari. Sikuiomba. Na kwa kuwa viti vya gari vilikuwa vichache, na mimi ndiye niliyepanga majina, jina lake halikuwamo.

Hesabu yake, ambayo niliisoma baadaye, ilikuwa mistari minne. Roboti ya kilo 10 ina uzito wa niutoni 98. Katika mwinuko wa sentimita 25 kwa mita, robo ya uzito huo huvuta roboti kurudi chini, yaani niutoni 24.5. Kani ya gia ya 5, roboti ikiwa imesimama, ni niutoni 23. Na 23 ni ndogo kuliko 24.5.

Katika mchezo wa tatu roboti ya timu nyingine ilikata mbele yetu tulipokuwa nusu ya ubao. Yetu ikasimama. Dereva wetu akasukuma kijiti chake mpaka mwisho, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, na mota zikavuma bila kuzunguka. Mota ya namna hii ikizuiwa hula ampea 8.5. Mbili hula 17. Wakati huo huo mkono wa roboti ulikuwa ukiinua mpira, nao una mota yake inayotaka ampea zake, na fyuzi yetu ilikuwa ya ampea 20. Sekunde chache tu, kimya. Tulitazama mchezo uliobaki mikono ikiwa mifukoni. Nilipotoa fyuzi na kuiona imekatika nilijua papo hapo, lakini palikuwa na watu wengi wakiuliza, na neno "betri" lilikuja mdomoni kwa urahisi.

Baada ya kurudi tulifunga gia ya 12. Kani yake ya niutoni 56 ni zaidi ya mara mbili ya 24.5, kwa hiyo ilipaswa kuondoka katikati ya ubao bila shida. Haikuondoka vizuri. Matairi yalizunguka pale pale yakilia kama mtoto. Hili ni fundisho la pili, na nakiri ni wanafunzi waliolipata, si mimi.

Mota hata iwe na kani ya tembo, roboti haisukumwi na mota. Inasukumwa na tairi linaloshika sakafu. Na tairi hushika kwa kadiri ya uzito uliolilalia. Matairi yetu ya mpira, juu ya ubao ule, yalishika kiasi cha 0.8 ya uzito. Lakini mota ziliendesha matairi mawili ya nyuma tu, na betri, ambayo ni kitu kizito, tuliiweka mbele ili waya ziwe fupi. Tulipoweka matairi ya nyuma peke yake juu ya mizani tukaona yanabeba niutoni 40 tu kati ya 98. Mara 0.8 ni niutoni 32. Kani nyingine yote ilipotea katika kuteleza. Mwanafunzi mmoja akasema mbona mchele hufungwa nyuma, juu ya gurudumu linalosukuma? Tukahamisha betri nyuma. Mizani ikasoma karibu niutoni 59, na mara 0.8 tukapata 47. Roboti ikapanda kutoka katikati kwa utulivu kabisa. (Msizidishe, lakini. Kila mtu aliyefunga gunia nyuma mno anajua gurudumu la mbele linavyoinuka mlimani, na roboti nayo hupinduka vivyo hivyo.)

Sasa linganisheni namba hizi mbili, 47 ya tairi na 56 ya mota. Roboti ikizuiwa na ukuta au na mwenzake, tairi litateleza kabla mota haijasimama. Mota inayozungusha tairi linaloteleza haifikii ampea zake 17. Kwa hesabu hii hula kama 14. Fyuzi iko salama na mota haiungui. Katika gia yangu ya 5 mambo yalikuwa kinyume: tairi lilishika kwa 32, mota ilikuwa na 23, basi aliyesalimu amri kwanza alikuwa mota. Ninyi mnaochora roboti ya mwaka ujao, fanyeni hesabu hii kabla ya ile ya mwendo. Mkikuta mota ni dhaifu kuliko tairi, ongezeni gia, au tieni mota nyingine, au punguzeni kilo.

Wengine wameniuliza mbona hatukuchukua gia ya 20, yenye kani ya 93. Kwa sababu tairi letu haliwezi kutumia zaidi ya 47, na nusu nzima ya kani hiyo ingekuwa kama maji ya kumwaga juu ya mtungi uliojaa. Na tungelipa kwa theluthi ya sekunde katika kila safari ya mita 2. Katika mchezo wenye safari ishirini, hizo ni zaidi ya sekunde 6. Kama siku moja tutaendesha matairi yote manne, tairi litashika mpaka niutoni 78, na hapo mjadala ufunguliwe upya.

Yule msichana sasa yuko mwaka wa sita. Nilimwita mbele ya chama nikasema haya niliyoyaandika hapa, na daftari lake tumelifunga kwa waya kwenye meza ya karakana ili kila mgeni alione. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama uwanja wa safari ijayo una ubao wa kupanda, na una urefu gani. Nikamwambia karatasi ya sheria imefika juzi: hauna ubao, lakini safari ya kawaida ni mita 5. Akaketi, akafungua ukurasa mpya, na tangu Jumatatu anabishana na wenzake kama kisanduku cha 3 na kingine cha 3, yaani gia ya 9, kinafaa kuliko kile cha 12. Mimi nimeona sekunde 2.31. Wanafunzi wa zamani wenye kalamu wanakaribishwa kusahihisha.